Babu Aliyerukwa

Kila asubuhi Atara alisaga shayiri huku akitaja mababu wa marehemu baba yake. Akikosea, mama yake, Hamutali, alimwanzisha upya. Njaa iliwapeleka wazee wao nchi ya Moabu, na sasa mama na binti walikuwa wamerudi Isakari kudai shamba la mizabibu la ukoo. Hakukuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo leo Atara mwenyewe angetaja ukoo wake langoni, mbele ya wazee. Akishindwa, shamba angebaki nalo Shobali, jamaa wa mbali aliyekuwa akililima.

"Na Hadlai usimmung'unye," mama alionya. "Mtaje vizuri!"

Hapo ndipo palipouma. Zamani Wamidiani walipovamia, Hadlai, babu aliyekuwa mwenye shamba hilo, alijificha ndani ya shinikizo la kukamulia zabibu, na kijiji kilikuwa hakijasahau. Kisimani, Atara alimkuta Peresi mwana wa Shobali akimkimbiza mwenzake.

"Wee, mwoga kama Hadlai!" alipiga kelele. Wote wakaangua kicheko. Atara alijitwisha mtungi akaondoka, masikio yakimwaka moto.

"Nikiruka jina moja tu," aliwaza. "Nani atajua?"

Langoni alisimama wima, akasema kwa sauti kavu: "Mimi ni Atara binti Rafa, mwana wa Ithrani, mwana wa Yekamu, mwana wa Zabadi shujaa!"

Shobali akaruka. "Wazee, mmesikia wenyewe! Shamba ni la Hadlai, na huyu binti Hadlai hamjui. Wageni hawa!"

Mama alijishika kichwa. Atara hakukimbia.

"Nimedanganya, wazee wangu," alisema. "Yekamu ni mwana wa Hadlai, na Hadlai ndiye mwana wa Zabadi. Nimemruka makusudi. Watoto wanamcheka, nikaona aibu."

"Ahaa, sasa ndiyo anamkumbuka!" Shobali alidakia. "Si nimemtajia mimi?"

Mzee Elasa, mkubwa wa wazee wa lango, aliinua mkono.

"Tulia, Shobali. Mwizi wa shamba angeanza na jina la mwenye shamba. Huyu ameliruka kwa sababu linamuuma. Nani amewahi kuona aibu kwa ajili ya babu wa jirani?"

Wazee walicheka, wakakubaliana kwamba shamba ni la binti Rafa. Shobali alivua kiatu chake akampa Atara, kama ilivyo desturi ya mtu anayeachia ardhi.

"Lakini wewe, mjukuu wangu," Mzee Elasa alisema kwa ukali, "nusura umpotezee mama yako shamba kwa aibu ya bure. Ukweli uliousema mwishoni ungeusema mwanzoni. Hadlai alijificha, ndiyo. Asingejificha, leo nani angesimama hapa kudai shamba lake?"