Boti ya Samaki Inarudi Tupu

Musoki alikuwa anachambua maharagi mbele ya nyumba yake, hapa Bunia, simu ilipolia. Aliishika kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.

Alikuwa Falone, binti yake aliyeolewa Mahagi-Port, mji wa kando ya ziwa, upande wa kaskazini.

"Mama, padri amesema mutoto atabatizwa siku ya Mungu, hii Jumapili. Ataitwa Hortense, sawa Koko. Mukuje bote. Koko asikose!"

Koko Hortense, bibi wa Falone na mama mkwe wa Musoki, alikuwa amekaa mlangoni. Alisikia kila neno. Masikio yake yalikuwa mazima. Macho ndiyo yaliyokuwa yanafifia mwaka kwa mwaka.

"Nitaenda," alisema. "Mwaka kesho nitamushika tu na mikono. Sasa ningali naona."

Lakini kwenda vipi? Barabara ilikuwa mbaya, na mgongo wa Koko ulishaachana na pikipiki zamani. Njia ilibaki moja: kushuka Kasenyi kwa gari, kisha kupanda boti.

Hippolyte, mume wa Musoki, ni fundi wa pikipiki na ni mtu wa haraka. Hata chai anainywa ikichemka, kisha analaumu kikombe. Jioni ile alirudi na Dany, komisioneri, yaani mtu wa kutafutia wasafiri nafasi na kujikatia chake. Viatu vya Dany viling'aa kana kwamba vumbi la Bunia linamwogopa.

"Mama, nafasi zinaisha ko!" alisema Dany. "Mukilipa leo, nawawekea mbili. Kesho bei inapanda."

"Mbili? Siye tuko batatu," alisema Musoki.

"Feza yenu inatosha batu babili. Koko atabaki kuchunga nyumba."

Koko alikohoa. "Hii nyumba haijakimbia ata siku moja. Juu ya nini niichunge?"

Musoki alimwangalia mumewe. Mkono wa Hippolyte ulikuwa tayari mfukoni. Wakati huo jirani yao, Mama Léontine, aliingia kurudisha ungo. Miaka mingi aliuza samaki wa chumvi kando ya ziwa. Makomisioneri wa kila aina walikuwa wamemlia feza, na sasa aliwacheka wote.

"Papa Falone, toa kwanza mukono mu mufuko," alisema. "Boti yenyewe iko wapi? Kapiteni ni nani? Inatoka siku gani?"

Hippolyte alimgeukia Dany. Dany aliangalia viatu vyake. Ghafla akakumbuka kwamba kuna mtu anamngoja mjini, akaenda zake.

"Sasa umefukuza safari yetu!" alilalamika Hippolyte.

"Nimefukuza viatu tu. Ikala chini, nikuambie." Mama Léontine alikaa karibu na Musoki, akaanza naye kuchambua maharagi. "Boti zinaleta samaki Kasenyi kwa soko. Zikisha kushusha, zinarudi kaskazini karibu tupu. Kapiteni anachoma mafuta ileile, akiwa na batu ao bila batu. Saa ya kutoka ikifika na viti viko vitupu, atakuuzishia namna gani?"

"Bei ya chini," alijibu Musoki.

"Na weye unakataa kidogo, kusudi ashushe tena."

"Na tukikosa nafasi?"

"Njo pale iko shida yake. Mushuke mapema, na mizigo kidogo, na feza ya kulala mumeiweka pembeni. Boti ya leo ikikataa, munangoja ya kesho. Mutu mwenye siku moja tu asijaribu. Na wakati wa Noeli, ao masomo ikianza, batu wanajaa sana. Pale munalipa mapema ku biro ya boti, kwenye banaandika basafiri, na munapewa risiti."

Aliacha maharagi. Hata kicheko chake kilipumzika.

"Lakini sikia vizuri, Mama Falone. Kila mutu avae jile, ile ya kumufanya mutu aelee mu maji. Kama jile hakuna, ao boti imeshuka sana mu maji kwa uzito wa mizigo, mukatae. Ata wakiwapakia bure."

Alhamisi wote watatu walishuka Kasenyi. Ijumaa asubuhi boti moja ilikuwa inatoka. Mtu wake aliita bei ndogo ajabu. Hippolyte alikwisha kukunja suruali aingie majini.

Musoki aliangalia. Magunia yalikuwa yamepangwa juu ya magunia, na watu wamekaa juu yake. Maji yalikaribia ukingo. Jile hata moja haikuonekana.

"Hatuingie," alisema.

"Mama Falone! Ubatizo ni kesho kutwa! Kama nyingine haikuje?"

"Basi hatutafika. Lakini tutakuwa bazima."

Boti ikaenda bila wao. Musoki aliifuata kwa macho. Je, kama amemnyima Koko safari kwa woga wake? Koko alimshika mkono.

Kabla ya saa sita upepo uliamka. Boti ile ikarudi polepole, abiria wameloa, magunia mengine yametupwa majini. Kwa bahati, hakuna aliyekufa. Hippolyte alikunjua suruali yake taratibu. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni hotuba nzima.

Jumamosi alfajiri ziwa lilikuwa limetulia. Boti ya samaki ilimaliza kushusha. Ndani mlikuwa na abiria wachache, na jile zilitundikwa kando.

"Munaenda?" aliuliza kapiteni.

"Siye hatuna haraka," alijibu Koko, yeye aliyeamka kabla ya majogoo na kujifunga kitambaa kipya. "Bei gani?"

Kapiteni alitaja bei. Koko alicheka. Kapiteni alishusha. Koko akasikitika kwa ajili yake. Kapiteni akashusha tena. Kwa feza ambayo Dany alitaka kwa watu wawili, walipanda watatu, na iliyobaki ilitosha sabuni na kitenge cha mtoto. Musoki alimfunga Koko jile mwenyewe, akavuta kamba mara mbili, kisha akapumua.

Walifika Mahagi-Port jua lingali juu. Falone alikimbia na mtoto mkononi. Koko alikaa juu ya jiwe, akampokea, akamgeuzia mwangani. Alimwangalia muda mrefu, nyusi, masikio, midomo, mpaka Musoki akaanza kulia.

"Jina nimemupatia," alisema Koko mwishowe. "Lakini hii pua ni ya Hippolyte." Akamwinamia mtoto. "Pole sana, mama. Utazoea."