Harufu Iliyopanda Ngazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elizabeti alikuwa na kazi tatu: kufagia sebule, kumwogesha mdogo wake Kelvin, na kumgongea Telma mlango wa chini ili waongozane. Kufagia kulikuwa kwepesi. Kumgongea Telma kulikuwa raha. Ila kumwogesha Kelvin ilikuwa vita. Mtoto yule wa miaka minne akiiona sabuni alikimbia kama mbuzi aliyeonyeshwa kisu.

Waliishi Shangani, mjini Mtwara, katika nyumba ya ghorofa yenye familia tatu. Juu kabisa ni akina Elizabeti. Baba yake, Petro, alifanya kazi bandarini na mama yake alikuwa mwalimu. Walihamia hapo kutoka Singida. Katikati aliishi Mzee Cesar, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kila jambo la dunia alikuwa amewahi kulikuta barabarani. Chini aliishi Mama Telma, jina lake Laurinda, mtu wa Kitaya kule mtoni Ruvuma, ambaye ukoo wake ulivuka zamani kutoka Msumbiji. Aliuza samaki wakavu sokoni. Telma na Elizabeti, wote darasa la sita, walipendana kiasi kwamba mmoja akichapwa, aliyelia ni mwingine.

Jumatatu moja, Kelvin alisukumwa bafuni akatoka mbio, ameshika pua.

"Dada, bafu limekufa!"

Elizabeti alicheka. Akaingia, akafungua bomba, akavuta pumzi. Akaacha kucheka.

Haikuwa harufu ya choo, wala ya soksi za Baba. Ilikuwa uvundo mzito, uliokomaa, wa aina inayokupokea mlangoni na kukuvua viatu. Ndani ya siku chache ilishuka kwa Mzee Cesar, ikafika kwa Mama Telma, ikapanda ngazi kurudi juu. Ilikaa bafuni, ikahamia jikoni, ikaingia hadi kwenye nguo zilizofuliwa. Mende walihama kwa mstari, wakubwa mbele, watoto nyuma. Kunguru mmoja, ambaye maisha yake yote alikula jalalani, alitua dirishani, akavuta pumzi moja tu, akageuza kuelekea Mikindani. Hajaonekana tena.

Lililowachanganya watu ni kwamba harufu ile haikutulia. Siku nyingine ilitoweka kabisa, watu wakafungua madirisha na kupongezana. Kesho yake ilirudi na hasira.

Msako ukaanza. Baba alibomoa kipande cha dari akitafuta panya aliyekufa. Alipata ndala moja na nyigu wenye hasira, akashuka na jicho moja, la pili limevimba. Fundi bomba akaitwa. Alifunua chemba ya maji machafu, akaingiza fimbo yake ndefu, akanusa.

"Chemba yenu safi kuliko jiko langu," alisema. "Nimeshindwa."

"Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema Mzee Cesar. "Hiyo ni gesi! Imetoka kwenye visima vya Mnazi Bay, inatembea chini kwa chini, imetukuta sisi. Nilikutana na gesi ya namna hii safarini ikainua lori langu hivi, na mzigo wake."

Akapiga marufuku kiberiti. Nyumba nzima ikashinda inakula viporo vya baridi, mpaka mama yake Elizabeti alipochoka.

"Mzee wangu, ni gesi gani inayonuka samaki?"

Alisema hivyo kwa uchovu tu, bila nia mbaya. Lakini neno lile likishatoka, macho yote yaligeuka polepole kumtazama Mama Telma.

Chini ya ngazi kulikuwa na matenga yake ya samaki. Bwana Josephu, msimamizi wa nyumba, alikuja akayanusa moja baada ya jingine, akakunja uso.

"Mimi nayaweka hapa mwaka wa tano sasa," Mama Telma alisema. "Hawa wamekauka, baba. Samaki mkavu hanuki hivyo. Mmelitazama tangi la juu?"

"Tangi nilisimamia mwenyewe likioshwa mwanzoni mwa mwezi wa sita, na lina mfuniko. Tusipotezeane muda. Yaondoe haya."

Mama Telma aliyaondoa siku hiyohiyo. Alisugua sakafu, akasugua ngazi, akasugua hadi ukuta, na Telma akimsaidia. Siku mbili nyumba ikawa shwari. Siku ya tatu harufu ikarudi.

"Imeshaingia ukutani," Bwana Josephu alisema. "Mama, mwisho wa mwezi naomba utafute pengine."

Njiani kwenda shule, Telma alitembea akitazama chini.

"Mama jana hakula," alisema. "Na leo tena hakula. Anazunguka kutafuta chumba. Kila anapofika wanamuuliza unauza nini, akisema samaki, wanafunga mlango."

"Harufu itaisha tu," Elizabeti alimjibu, ingawa hakujua itaisha vipi.

Jioni ile maji ya mjini yalikatika, kama yalivyokatika mara kwa mara, nyumba ikabaki inatumia maji ya tangi. Elizabeti alikuwa akikinga ndoo. Maji yalipoanza kutiririka, harufu ilipanda nayo, moja kwa moja kutoka ndooni hadi puani. Ndipo alipokumbuka.

Katika likizo ya mwezi wa sita alikwenda Kitaya pamoja na Telma, kwa babu yake Telma, Mzee Ussene. Huko alionyeshwa kisima chenye kambale ndani. "Huyu mlinzi wangu," babu alimwambia. "Anakula viluwiluwi vya mbu." Siku ya kuondoka, babu akampa kambale mzima ndani ya ndoo ya mfuniko, ampelekee mama yake akampike. Njia nzima Elizabeti alimhurumia. Akajisemea kwamba hata tangi lao la juu linahitaji mlinzi. Walipofika alipanda juu ya paa, akamtumbukiza, akafunika. Mama alipouliza zawadi ya Kitaya, alisema samaki alifia njiani akamtupa. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, akausahau kabla ya kulala.

Lakini kisima cha babu kina tope, kina wadudu, kina kivuli. Tangi la plastiki nyeusi chini ya jua la Mtwara ni sufuria. Kambale alivumilia siku zake, akashindwa. Ndiyo maana maji ya mjini yakitoka harufu hupotea, na yakikatika harufu hurudi. Nyumba nzima ilikuwa inaoga supu.

Elizabeti alipanda juu akafunua mfuniko. Alichokiona hakikuwa kambale tena. Alichukua fimbo ya kuanikia nguo ajaribu kumvuta amtoe kimyakimya, mtu asijue. Kila alipogusa, kipande kilikatika kikazama. Akatapika pembeni. Kisha akafanya jambo alilolijutia sana baadaye: akarudisha mfuniko.

Angesema nini? Mama yake, mwalimu, hakuwa na mzaha na mtu mwongo. Mzee Cesar aliyapigia mswaki maji yale. Kila siku aliyonyamaza ilimwongezea uzito wa kesho yake.

Telma hakuwa mjinga. Siku moja alimsubiri kwenye ngazi.

"Eliza, yule kambale wa babu mlimla lini?"

"Alifia njiani."

"Njia ipi? Si tulikuwa wote kwenye gari? Alipiga mkia ndani ya ndoo mpaka tunashuka stendi. Yule mama wa mbele yetu akaruka, tukacheka." Telma alimtazama machoni. "Yuko wapi?"

Macho ya Elizabeti yakapanda yenyewe kuelekea paa.

"Basi sema!" Telma alinong'ona. "Mama anafukuzwa!"

"Kwa nini usiseme wewe?"

"Nikisema mimi, watasema mama kanituma. Useme wewe."

Elizabeti alifungua mdomo. Wakati huohuo mama yake akaita kutoka juu, naye akakimbia kuitika, akishukuru kuitwa. Tangu siku ile, alipogonga mlango wa chini asubuhi, hakuna aliyeufungua. Telma alikuwa ameshatangulia.

Mwisho wa mwezi ukafika. Gari dogo la mizigo lilisimama mlangoni, na Mama Telma akawa anatoa vitu vyake: kitanda, sufuria, matenga matupu. Mzee Cesar alisimama pembeni, kitambaa puani. Mama yake Elizabeti alisimama dirishani. Hakuna aliyesaidia kubeba. Telma alibeba godoro peke yake, limemfunika hata uso hauonekani.

Kelvin alimsogelea Mama Telma, akamvuta kanga.

"Mama Telma, unaondoka na harufu yako?"

Mwanamke yule alisimama na sufuria mkononi. Alitaka kucheka, midomo ikakataa. Akageuza uso upande wa ukuta.

"Si yake!" Elizabeti alipiga kelele, hata yeye akashtuka. "Si yake, ni yangu! Mimi ndiye niliyemtia kambale kwenye tangi. Nilidanganya. Yuko humo mpaka sasa, nimemwona!"

Bwana Josephu, aliyekuja kupokea funguo, alipanda juu kwa hatua kubwa. Alishuka kwa hatua ndogo, akaenda nyuma ya nyumba, wakamsikia anakohoa na kutapika. Mzee Cesar alikiondoa kitambaa puani, akakitumia kujifutia ulimi.

Siku hiyohiyo tangi lilimwagwa, likasuguliwa, likatiwa dawa. Mabomba yalifunguliwa mpaka maji yakatoka meupe. Harufu ikaisha.

Lakini kabla ya hayo, Bwana Josephu alirudi mbele ya gari, kofia mkononi.

"Mama Telma, tumekukosea. Shusha vitu vyako."

"Ahsante, baba," alisema Mama Telma. "Ila sishushi. Mlikuwa mnapita mlangoni kwangu mmeshika pua. Mwalimu alimkataza mtoto wake asile kwangu. Tangi mtaliosha. Yale macho mliyonitazama nayo mtayaosha na nini?"

Akapanda mbele karibu na dereva. Telma alikuwa nyuma, juu ya godoro. Hakupunga mkono.

Elizabeti alisubiri kuchapwa. Hakuchapwa. Jumamosi iliyofuata baba yake alimwambia vaa viatu, wakaenda Naliendele, kwenye chumba kidogo cha uani alichokipata Mama Telma, mbali na soko na mbali na wateja wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Elizabeti alipiga magoti badala ya kukaa. Aliomba radhi, maneno yakakatwa na kwikwi. Mama Telma alimwacha amalize.

"Nimekusamehe," alisema. "Sasa nisikilize, maana hili ukiwa mkubwa litakufaa. Ungesema siku ya kwanza, tungekucheka. Mzee Cesar angelisimulia miaka kumi, na kambale angefikia ukubwa wa boti. Ungesema siku niliyotoa matenga yangu, tungekukasirikia, yakapita. Umesema gari likiwa limeshapakiwa. Maneno ni yaleyale, mwanangu. Kosa la samaki lilikuwa la kitoto, halikumfukuza mtu. Kilichonitoa kwangu ni kunyamaza kwako. Ukikosea, sema mapema, wakati kusema bado kunamsaidia mtu."

"Nisipopata maji ya kuoga maisha yangu yote ni sawa," Elizabeti alilia, "ila Telma anisamehe."

"Kuoga oga," Mama Telma alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Ya Telma siwezi kukuahidi. Yuko ndani, amekusikia. Hataki kutoka. Njoo Jumamosi nyingine."

"Na akikataa?"

"Utakuja inayofuata. Msamaha wa mtu hauburutwi."

Jumamosi ile nyingine Elizabeti alikwenda. Telma hakutoka. Iliyofuata alikwenda tena, na pazia la mlangoni lilitikisika kidogo, labda kwa upepo. Bado anakwenda.