Kiganja Kilichomshika Kobe

Harufu ya ubani ilianza asubuhi, ndani ya chumba cha kuongozea roboti, na melini mle hakuna aliyefukiza. Mkewe, fundi wa mitambo, alipouliza ni mwanamke gani aliyefukiza, rubani wa roboti akamcheka. "Pua yako ina wivu," alimwambia, akaendelea kumshusha Kobe kilindini kwa kebo.

Kobe ndilo jina walilompa roboti wao: taa, kamera, na mkono wa chuma ulioiga kila alichofanya rubani kwa kishikio cha mezani. Palikuwa na swichi ya hisia. Ikiwashwa, alichogusa Kobe rubani alikihisi kiganjani. Sheria ilikuwa kuizima kabla ya kugusa kitu wasichokijua, lakini yule bwana alikuwa mtu wa mbwembwe, na siku hiyo mbwembwe zilimponza.

Kwenye kioo cha kamera, kiganja cheupe kilichomoza mchangani, kikaushika mkono wa Kobe.

"Shikamoo, mzee," rubani akatania.

"Marahaba, mwanangu," spika ikajibu.

Mkewe akamvuta bega. "Achia, mume wangu."

"Siwezi," alinong'ona. "Kimenishika."

Kishikio kikaanza kumwendesha yeye, kikampinda kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtoto anayejaribu mdoli mpya, huku kuta zikigongwa kutoka nje na ubani ukiwakaba koo, na kila kidole kilipovunjika kitu kule chini kilicheka, kwanza kwa sauti ya kizee, kisha kwa sauti inayofanana na ya rubani, kisha kwa sauti ya rubani kabisa.

Swichi iligoma kuzimika. Mke alikuwa akilia. Angetoa chochote mumewe apone.

Ghafla mume akainua kichwa. "Kata kebo," alisema kwa upole. "Upesi."

Mke alichukua shoka, akakimbilia sitahani, akaikata kwa nguvu zake zote. Kobe akazama.

Aliporudi, mumewe alikuwa ameketi, vidole vizima. Akamkumbatia kwa furaha, akimshukuru Mungu.

Spika ikakoroma, ingawa kebo ilikwisha katwa.

"Mke wangu, mbona umekata?" Ilikuwa sauti ya mumewe, ikilia. "Huku giza. Ninazama. Nivute, tafadhali, nivute!"

Mikono iliyomkumbatia ilimkaza zaidi.

"Mwache alie," alinong'onezwa sikioni. "Atazoea. Mimi nilizoea."