Mafaili ya Tarehe Sita Januari

Nereida Ocasio alikuwa na dakika tisa.

Ghorofa ya saba, kampuni ya bima ya Seguros Almácigo, San Juan, saa nne asubuhi. Kalamu yake ya Parker haikuandika, ilipiga picha na kuzituma papo hapo. Kwa miezi mitatu kampuni ilimjua kama dada wa mapokezi. Ofisi ya kamishna wa bima ilimjua kama jasusi wake.

Simu ikatetemeka. Villafañe, mkuu wake.

"Mbaazi zimeiva?"

"Bado zinachemka, bosi."

"Gari la kuchana karatasi liko getini. Ukichelewa tumekwisha."

Akakata.

Huko milimani Utuado, Doña Provi alikuwa akimuuguza mumewe chini ya turubai la buluu tangu kimbunga kiondoke na mabati yao. Mapafu ya Don Chago hayakuuweza unyevu. Kampuni iliwajibu kwamba mkaguzi alifika, akakuta paa zima, na Chago mwenyewe akatia sahihi. Nereida alikuwa amekaa kitandani pa mzee yule, akamsikia akikohoa. Tangu siku ile hakuwa na amani. Alilitaka paa lile kabla mzee hajamalizika.

Akafungua faili lao, akalipiga picha. La jirani. La tatu. La arobaini.

Ukaguzi: tarehe sita Januari. Yote!

Alicheka kwa hasira. Siku ya Wafalme Watatu! Siku hiyo Utuado nzima iko barabarani na magitaa na nguruwe wa kuchoma. Hata mwizi hupumzika. Mkaguzi gani angepanda mlima kupima mabati? Wakubwa wa kampuni walioketi Florida walichagua tarehe kwenye kalenda isiyoijua sikukuu ya watu. Siku za mwizi arobaini. Hawa walizimaliza kwa siku moja.

Mlango ukafunguka. Brunet, mkuu wa usalama, Glock mkononi.

"We dada, umepotea njia?"

"Natafuta choo."

"Choo hakina mafaili. Lete hiyo kalamu."

Akaletewa boksi zima la mafaili, la uso.

Nereida alishuka ngazi mbilimbili. Risasi ikapasua kioo nyuma yake. Kabla hajawasha Yamaha yake, picha zilikuwa mezani kwa Villafañe, na polisi wamelizuia lile gari getini.

Kampuni ilipinga mashtaka. Ikaahirisha. Ikaugua, ikasafiri, ikapoteza wakili. Miezi kumi na minne baadaye amri ikatoka: faini kwa kila faili la uongo, na kila mwenye nyumba alipwe haki yake pamoja na riba. Magazeti yakashangilia. Kampuni ikalipa faini kama mtu anayenunua sigara, ikaendelea na kazi.

Nereida alipeleka hundi mwenyewe.

Doña Provi alikuwa amevaa nyeusi.

"Don Chago?"

"Machi, binti yangu. Ile mvua ya wiki nzima."

Aliisoma barua neno kwa neno, kidole juu ya mstari.

"Wamelipa paa," alisema. "Mimi na ndoo zangu tumeshazoeana. Niliyetaka asinyeshewe nimeshamfukia."

"Nisamehe, mama."

"Wewe ulipigana. Haya, nenda kabla mvua haijashika."

Nje, simu ikatetemeka. Kampuni nyingine, kijiji kingine, hila zilezile.

"Sawa, bosi."

Akavaa Ray-Ban zake, akawasha pikipiki, akashuka mlima bila kugeuka. Safari hii hakuuliza ni nani anayeugua.