Mashine Iliyokesha Sabato

Mambo yalianzia kwenye masikio ya Bonareri. Kila mama yake, Nyanchera, alipompitisha mlangoni pa maabara, mtoto aliyaziba kwa viganja vyote viwili na kukunja uso.

"Inapiga kelele, Mama."

"Kelele gani na kumenyamaza hivi? Acha kudeka."

Kwa mtu mzima kulikuwa kimya kweli. Maabara ile ya kiwanda cha mafuta ya kupikia, karibu na Nyakoe, ilikuwa chumba kimoja chenye mashine moja ya maana: beseni la chuma lenye maji, lililotoa sauti nyembamba isiyofikiwa na sikio la mkubwa. Mkemia, Bwana Okeyo, mtu wa ziwani aliyependa kueleza hata asipoulizwa, alitumbukiza humo chupa ya mafuta na unga wa nikeli. Nikeli ndiyo iliyofanya mafuta yagande yakipitishiwa gesi ya haidrojeni, ila ilichoka upesi.

"Ni kama kuamsha mtu, Mama Bonareri," alimwambia Nyanchera, aliyemwoshea vyombo. "Chuma kimelala. Sauti inakisugua, uchafu unatoka, kinaamka."

Nyanchera aliitikia tu. Tangu machimbo ya mawe kule Tabaka yamfukie mumewe Ombui, mwaka wa sabini na tatu, hakuwa na nafasi ya maneno mengi. Jioni alilia mpaka kope zikauma, asubuhi akaenda kazini.

Ijumaa moja Okeyo alifunga gesi, akaiacha mashine iendelee kuamsha nikeli, akamwagiza aizime kabla ya kutoka, kisha akaenda zake Kisumu. Nyanchera alisahau. Alikumbuka akiwa jikoni anachambua mboga, na jua lilikuwa limeshatua. Sabato imeingia. Kwa Waadventista wa kwao, kuwasha ni kazi na kuzima pia ni kazi.

"Iache," alisema mama mkwe wake, Mong'ina, shemasi asiyetania na Sabato. "Chuma hakina dini. Kijifanyie kazi chenyewe."

Basi ikaendelea, usiku ule na siku nzima iliyofuata.

Jumamosi jua lilipozama Nyanchera alikwenda na Bonareri. Mbwa wa mlinzi walikuwa wamelala kifudifudi, pua zimeelekea mlangoni. Alimwacha mtoto nje, akafungua, akapokewa na harufu ya kutu na ya damu kidogo, akaona maji ya beseni yamekauka na chupa imepasuka, na ule unga mweusi umesimama hewani juu ya beseni, unapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na alipoishusha swichi unga haukutua, akaishusha tena, haukutua, akasema kwa sauti ndogo, "Ee Bwana," akapeleka mkono kuondoa chupa.

Mkono ukafa ganzi mpaka kiwiko. Kisha kitu kikanena, si masikioni, ndani ya mfupa.

"Nimeamka."

Unga ukaanguka. Jumatatu Okeyo alilalamikia chupa yake, akatia maji mapya, akaendelea.

Wiki ile Nyanchera aliipua sufuria ya moto bila kitambaa na hakushtuka. Jioni alikaa ukumbini na ikamjia kwamba hajamlilia Ombui. Alijaribu, machozi hayakuja. Alifurahi. Tusimlaumu, alikuwa amechoka kuumia. Alidhani ni Mungu amemhurumia.

Ganzi ikapanda begani, ikashuka kifuani. Bonareri alishikwa na malaria, akatetemeka hadi kitanda kikalia, na mama yake akakaa akimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyeshea shamba la jirani.

"Mama, nishike."

Alimshika.

"Mkono wako unapiga kelele."

"Basi usiushike," alisema Nyanchera, akautoa.

Mong'ina alikuwa mlangoni na aliyasikia yote. Aliogopa kuliko alivyoogopa msiba wa mwanawe. Mtoto alipopata nafuu, alijitanda kitenge usoni, shemasi mzima, akaenda Marani kwa mganga, Mzee Nyasani, akamweleza habari ya mashine iliyokesha na ya mkono ule.

"Si mzimu wa ukoo wenu," Nyasani alinong'ona. "Ni jini. Ameitwa kutwa kucha na hakuna aliyesema basi. Mashine iachwe inaendelea kama siku ile, na yeye aliyekataa kuizima aizime Sabato yenyewe, mkono wenye ganzi ukiwa ndani ya maji."

"Sabato, mzee? Yaya, hapana."

"Basi mzike mjukuu wako. Mama asiyehisi kitu atamwacha afe siku moja huku anamwona. Na asiguswe na mtu. Jini akitoka hutafuta mwili ulio karibu."

Ijumaa Nyanchera aliiacha mashine inaendelea, na Jumamosi watu wakiwa kanisani, walikwenda wote watatu. Mong'ina alimshika Bonareri nje, machozi yakimtoka kwa dhambi ile. Nyanchera hakuogopa wala hakutumaini. Alitia mkono wa ganzi ndani ya maji, akashusha swichi kwa ule mwingine.

Moto ulianzia vidoleni, ukapanda kiwikoni, ukapanda begani, ukapasuka kifuani, na ndani ya moto ule akarudi Ombui na vumbi jeupe la mawe kwenye nyusi, zikarudi jioni zote ambazo hakulia, ikarudi homa ya mwanawe na kile kiganja kidogo alichokikataa, na Nyanchera akapiga ukunga uliosikika barabarani, "Bonareri! Mwanangu!"

Mtoto alikuwa ameingoja sauti ile kwa muda mrefu. Akachomoka mikononi mwa bibi yake, akakimbia, akamkumbatia mama yake kiunoni.

Mashine ilizimika. Nyanchera alipiga magoti, akanusa nywele za mwanawe, akahisi joto la shingo yake, akalia kwa furaha.

"Mama, kelele imeisha," alisema Bonareri.

"Imeisha, mwanangu. Twende nyumbani."

Walipotoka, upepo ulivuta mlango wa chuma, ukaufunga kwa kishindo. Vidole vya Bonareri vilikuwa kwenye fremu. Mama yake alipiga kelele, akausukuma mlango, akavikamata vidole vile vilivyopondeka, damu ikimtiririka mikononi. Mtoto alivitazama kidogo, kisha akamtazama mama yake.

"Unalia nini, Mama?"