Vali ya Tatu

"Imekaa!"

"Haijakaa!"

"Nimekwambia vali imekaa! Unataka nini tena, wewe Kiroboto?"

"Nataka isivuje, kaka. Basi."

Walikuwa wakibishana kwenye gereji ya mama yao, kichwa cha injini kimelazwa mezani katikati yao, na vali zake, vile vizibo vya kupitisha hewa na moshi, zikiwa mahali pake. Kiroboto alikuwa na miaka kumi na miwili, kaumbo kadogo ila mbishi balaa. Kaka yake alikuwa na mkono mwepesi kazini, wakati mwingine mwepesi mno.

Injini ilikuwa ya gari la spoti la kinyozi wa mtaani, jekundu, milango miwili, kuukuu kuliko wao wote wawili. Lilikuwa likifuka moshi kama jiko la kuni mbichi, na mlima lilipanda likihema. Bei ya injini nyingine kinyozi hakuiweza. Mama, ambaye ndiye fundi, akamwambia, "Tutaifufua hii hii. Ringi mpya, beringi mpya, vali tunasaga kwa mkono. Isipotulia, wape watu wa chuma chakavu." Kinyozi akakubali, roho mkononi.

"Nimezipima kwa oili," kaka alisema. "Hata tone halikupita."

"Oili nzito, itapitaje? Pima kwa mafuta ya taa."

"Haya, profesa. Pima wewe."

Kiroboto akajaza mafuta ya taa juu ya vali, akainama kuchungulia upande wa chini. Ya kwanza, kavu. Ya pili, kavu. Ya tatu ikatoa tone. Halafu tone jingine.

Kaka akatazama mlangoni. "Kidogo tu hiyo. Kinyozi analitaka gari leo jioni. Mama hataona."

"Mimi nimeona."

Akaichomoa vali, akaipaka dawa ya kusagia, akairudisha mahali pake, akaibandika kijiti chenye mpira. Akakisokota kijiti kati ya viganja, huku na huku, krr, krr, mpaka mikono ikawaka moto. Alipoifuta na kuitazama, ule mstari wa kijivu ukingoni, unaoonyesha pale vali inapokaa sawasawa, ulikuwa bado umekatika pembeni. Akaanza tena. Kaka alisimama akinuna, kisha akasogea.

"Lete huku. Utachubuka bure."

Wakapokezana, hata mstari ukazunguka mzima. Safari hii mafuta ya taa yalikaa kimya, bila hata tone.

Mama alifunga injini mwenyewe. Kinyozi alifika jioni na aproni yake, akawasha. Injini ikakohoa, ikashika, ikatulia, ikanguruma kwa raha zake. Kinyozi akashuka mbio, akaweka taulo lake jeupe nyuma ya ekzosi. Likabaki jeupe.

"Jamani! Leo nitawanyoa watu upara kwa furaha!"

Kila mtu akacheka, ila kaka. "Mama, vali ya tatu ilikuwa inavuja. Mimi nilitaka tufunge hivyo hivyo. Huyu ndiye aliyekataa."

Mama aliwatazama wote wawili.

"Umefanya vizuri kusema, mwanangu. Sasa sikilizeni. Mteja hana hela ya kitu kipya, kwa hiyo sisi tunampa uangalifu wetu wote. Na ukipima, pima ukitafuta kosa, usipime ukitafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Kiroboto, vali za lori lile linalosubiri pale nje utaanza wewe. Kaka yako atakushikia taa."

Kiroboto akaokota kijiti chenye mpira. Mama alifuta mikono kwenye ovaroli, akageuka, akaelekea kwenye lori.