Simu Kutoka kwa Dobi

Mnong'ono ndio uliotangulia. Ulipita chini ya pazia ukamfikia Chiriku kitandani kabla hajafumbua macho. "Habari za asubuhi. Natafuta kazi ya saa chache. Naweza kufua, naweza kupiga pasi, naweza kubeba." Kijiko kikagonga kikombe, kisha mnong'ono ukaanza upya kutoka mwanzo, kwa ile lugha ya ugenini ambayo mama alikuwa bado anaitafuna kama wali wenye mawe.

Chiriku alifunua pazia. Mama alikuwa amesimama mbele ya jiko, amevaa gauni lake la chuoni, analihutubia birika.

"Mama, birika haliajiri watu."

"Nyamaza wewe. Hili angalau linanisikiliza mpaka mwisho," mama alijibu, wakacheka wote wawili.

Ndivyo asubuhi zao zilivyoanza tangu walipohamia mji ule. Mama alikuja kusomea ukunga, na mwaka mzima wa kwanza ulikuwa wa kujifunza lugha. Baba alibaki nyumbani na watoto wawili wadogo. Chiriku, mkubwa wao, msichana wa miaka kumi na miwili, alichukuliwa kwa sababu hakuwahi kunyamaza tangu alipojua kusema. Hata jina lake hilo la utani lilitoka huko. Mama alisema mtoto wa namna hiyo angeshika lugha upesi na kumsaidia, na hakukosea. Baada ya miezi michache shuleni, Chiriku aliongea kama aliyezaliwa mtaa ule. Dukani, benki, kwa mwenye nyumba, mama alisema kwa lugha ya nyumbani, Chiriku akayapeleka maneno upande wa pili, kisha akarudi na majibu.

Ufadhili wa mama ulilipa karo na kulisha mtu mmoja, na wao walikuwa wawili. Kibali cha masomo kilimruhusu kufanya kazi kwa saa chache tu kila wiki, na madarasa yalimshika mchana kutwa. Kila aliyemwendea alitikisa kichwa. Huyu alitaka mtu wa kutwa nzima, yule alitaka mtu wa alfajiri. Mama aliacha namba yake ya simu hotelini, kwenye bustani za miche na kwa madobi, mpaka soli za viatu vyake zikaanza kupiga makofi.

Asubuhi hiyo simu iliita wakiwa wanakunywa chai. Mama aliipokea, akasema "ndiyo" mara kadhaa, uso ukamchanganyika, akaisukuma mezani.

"Shika, mwanangu. Huyu anaongea kama anafukuzwa na mbwa."

Chiriku aliiweka sikioni. Nyuma ya sauti ya mwanamke mashine zilikuwa zinanguruma.

"Wewe ni mtoto wake? Vizuri. Mimi ni dobi, yule wa karibu na zahanati. Mwambie mama yako nina nafasi. Jioni, siku tatu kwa wiki, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku. Anaweza?"

Jioni! Jioni ndiyo ilikuwa yao. Mama alifungua vitabu vyake upande mmoja wa meza, yeye akafungua vyake upande wa pili. Mama alimsuka huku akikariri majina ya mifupa kwa lugha ya ugenini, na Chiriku alimsahihisha matamshi mpaka wakachoka kwa kicheko. Nyumbani mama alikuwa wa watu wengi. Huku, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa wake peke yake. Sasa mwanamke asiyemjua alitaka kumchukua, amwache yeye chumbani anasikiliza nyayo za wapangaji kwenye korido.

"Hawezi," alisema. "Jioni hawezi kabisa."

"Aa. Basi, pole. Mwambie nilimpenda, anaonekana mchapakazi."

"Anasemaje?" mama aliuliza, kiwiliwili chote kimeegemea mezani.

"Anasema... anasema samahani, ameshapata mtu."

Mama alinyoosha mkono akachukua simu, akaipeleka mdomoni na kusema polepole, kwa lugha ya ugenini, kwa adabu zote: "Asante sana, bibi. Siku njema." Simu ilikuwa imeshakatika. Chiriku aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Alifikiri yangeisha hapo. Hayakuisha. Siku zilizofuata aliamka akakuta kimya. Mama hakunong'ona tena mbele ya jiko. Jioni walikaa meza ileile kama Chiriku alivyotaka, lakini mama alikodolea macho ukurasa mmoja bila kuufungua unaofuata.

"Hebu niambie ukweli, Chiriku," alisema siku moja. "Ni ulimi wangu, sivyo? Nikifungua mdomo tu wananikimbia. Hata yule dobi. Nilipofika dukani kwake alinitazama vizuri, lakini aliponisikia kwenye simu akapata mtu mwingine."

"Hapana, mama."

"Usinifiche. Wewe unaongea kama wao, mimi naongea kama gari bovu. Mkunga gani huyu, atamwambiaje mzazi asukume?"

Mama alicheka peke yake. Chiriku alitaka kucheka naye akashindwa. Maneno ya kweli yalimjaa mdomoni, akayameza. Yalikuwa makali kuliko alivyodhani.

Wiki iliyofuata mama alimwita, akamketisha kando yake kitandani.

"Nimezungumza na baba yako. Muhula ukiisha utarudi nyumbani kwake."

"Mimi? Na wewe?"

"Mimi nitabaki nimalize masomo. Hela zinalisha mtu mmoja, mwanangu, na nimejaribu kila mlango. Ningepata hata kakazi ka jioni tungejikongoja." Akamvuta kifuani. "Usilie. Si kosa lako."

Chiriku alilia mpaka kifua kikamuuma. Mama alimbembeleza, na kila alipompapasa mgongo akasema "si kosa lako", Chiriku alitamani ardhi ifunguke. Alidanganya ili asimpoteze mama jioni tatu. Sasa angempoteza miaka.

Kesho yake shuleni, wakati wa mapumziko, Tembo alimfuata kwenye ngazi. Tembo alikuwa kijana mwembamba kama ufagio, wa familia ya wageni kama wao, akiishi ghorofa ya chini yao.

"Leo Chiriku amemeza gundi," alitania. "Mwalimu ameuliza maswali yote na hujanyoosha kidole. Niite daktari?"

"Niache."

"Hee! Umegombana na mama?"

Chiriku alimtazama, na kabla hajajizuia akawa amemwaga yote: simu, jioni, "ameshapata mtu", safari ya kurudi. Alitarajia Tembo amwonee huruma. Tembo alikunja uso.

"Lakini mama yako ameazima masikio yako, kwa sababu yake hayasikii bado. Wewe umeyaziba." Alitafuta maneno. "Mimi humtafsiria baba hospitali. Daktari akisema jambo baya, natamani kulipunguza. Lakini nikilipunguza, baba atakunywa dawa gani?"

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Dobi yupo. Mama yupo. Mimi nina andazi tu." Akalimega, akampa kipande.

Baada ya shule Chiriku hakwenda nyumbani. Alipita zahanati, akafuata harufu ya sabuni mpaka mlango uliotoa mvuke. Ndani, mwanamke mnene aliyekunja mikono ya blauzi hadi mabegani alikuwa anavuta mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mashine. Kila alipoinuka alishika kiuno.

"Nguo ziko wapi?" aliuliza bila kugeuka.

"Sina nguo. Mimi ni... ni mtoto wa yule mama mwanafunzi. Ulipiga simu."

Dobi aligeuka. Chiriku alijikaza kisabuni, akasema moja kwa moja: "Nilikudanganya. Mama hakusema hawezi. Hakuulizwa hata kidogo. Nilijibu mimi, kisha nikamwambia umeshapata mtu. Tafadhali mpigie tena. Mwambie tu nafasi imepatikana upya."

Dobi aliliachia shuka, likaanguka kapuni kwa kishindo.

"Ati nini? Siku zote hizi ninavunjika kiuno hapa peke yangu jioni, mashuka ya zahanati yamenijaa mpaka darini, kumbe mtu yupo mtaani anatafuta kazi?"

"Samahani, bibi."

"Na sasa unataka na mimi nimdanganye? Nimpigie, nijifanye hakuna kilichotokea?" Alitikisa kichwa. "Sipigi. Uongo wako siupigii pasi. Kesho asubuhi kuna mtu mwingine anakuja nimwone, na akifaa nitamchukua. Mama yako akiitaka kazi, aje leo kabla sijafunga. Lakini aje akijua kwa nini aliikosa mara ya kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi unasimama nini? Miguu hiyo!"

Chiriku alikimbia. Alimkuta mama ameketi sakafuni, ameweka sanduku wazi, anapima sweta la Chiriku kwa macho kuona kama litamtosha mpaka mwaka ujao.

"Umechelewa. Ulikuwa wapi?"

"Mama, dobi hakusema amepata mtu."

Mama aliinua uso.

"Alisema nafasi ipo. Alisema jioni, siku tatu. Mimi ndiye niliyemwambia huwezi." Sauti ilimkatika, akaiokota. "Sikutaka uondoke jioni. Niliogopa kubaki peke yangu, na... nilitaka uwe wangu. Nimetoka kwake sasa hivi. Kazi bado ipo, lakini ni leo tu."

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilikunja sweta taratibu, akalifunua, akalikunja tena.

"Alisema nini hasa? Neno kwa neno."

Chiriku alirudia yote, mpaka lile la mwisho: "Alisema alikupenda, unaonekana mchapakazi."

Hapo mama alifunika uso kwa viganja. "Na mimi siku zote hizi nauchukia ulimi wangu," alisema. "Nimefika mahali nikawaza kuacha chuo. Ulikuwa unaniona, Chiriku. Ulikuwa umekaa hapo hapo unaniona."

Mama alisimama, akavaa viatu.

"Twende. Nitaongea mwenyewe. Wewe usifungue mdomo mpaka nikuambie."

Dukani mama alisimama wima mbele ya dobi, akavuta pumzi, na yale maneno ya birika yakatoka, yakijikwaa hapa na pale lakini yakitembea. "Habari za jioni. Natafuta kazi ya saa chache. Naweza kufua, naweza kupiga pasi, naweza kubeba. Mtoto wangu alikosea. Mimi, jioni, naweza."

Dobi alimsikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu. Kisha akasahau akaanza kuongea kwa kasi yake ileile, akionyesha mashine, akimnyooshea Chiriku kidole, akionyesha mlango. Mama aliyafuata yale maneno mpaka yakampotea. Aligeuka akamtazama bintiye.

"Amesema nini?" aliuliza.

Chiriku alikuwa ameyasikia yote vizuri sana. Maneno mengine, malaini, yalishajipanga kichwani mwake, yakisubiri tu aruhusu.

"Amesema uanze kesho. Amesema jioni, siku tatu, mpaka saa tatu, na msimu wa watalii huenda akakuongezea saa, kama kibali chako kinaruhusu." Machozi yalianza kumlenga. "Na amesema mimi nisije humu kabisa, hata kukaa mlangoni kukusubiri. Mashine hizi zina moto. Jioni zote hizo siruhusiwi kuwa na wewe."

Mama aliendelea kumtazama, kisha akamgeukia dobi. "Nakubali," alisema kwa lugha ya ugenini. "Saa nyingi kuliko kibali, hapana. Hizi, nakubali."

"Una hakika mtoto amefikisha sawa leo?" dobi aliuliza polepole, ili mama aelewe.

"Nina hakika. Nimeona yalivyomuuma."

Nje jua lilikuwa linashuka nyuma ya maghorofa. Mama alitembea kidogo, akasimama, akamshika Chiriku mabega.

"Sikiliza. Kuogopa si kosa. Ungeniambia, 'Mama, naogopa kubaki peke yangu', ningekwenda kwa mama Tembo hapo chini, na leo hii nitakwenda, nimwombe ukae kwake jioni hizo. Lakini ulipodanganya, ulinifungia njia zote bila mimi kujua kwamba zilikuwepo. Uliamua kwa niaba yangu, kisha ukaniacha nijilaumu. Mtu anapokupa maneno yake uyapeleke, amekukabidhi riziki yake na heshima yake. Huna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza, hata kwa mapenzi. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Bado nina hasira. Zitapoa, lakini si leo. Na kesho kwenye benki nitakuhitaji tena, maana nitafanyaje? Kwa hiyo niambie mwenyewe: nikikuita usimame katikati, utafanya nini?"

Chiriku alijifuta macho kwa kiganja. Wapita njia waligeuka kumtazama, hakuwajali. Alisema kwa sauti, kwanza kwa lugha ya nyumbani, kisha akarudia kwa lugha ya ugenini:

"Utakachoniambia niseme, nitakisema chote. Na nitakachosikia, mama, utakisikia chote, hata kama kinaniumiza mimi. Naahidi."